Konokono Wako Wamekataa Kuzaa? Waletee Mvua ya Aprili Ndani ya Keja

Tuseme ukweli. Nairobi ukimwambia msee kwamba unafuga konokono, atacheka kwanza, halafu atakuuliza kama uko sawa nyumbani. Mbwa, sawa. Paka, sawa. Hata yule jirani wa kasuku tumemzoea. Lakini konokono? Wengi wetu tulikua tukiwamwagia chumvi nyuma ya nyumba tuone vile wanatoa povu, na mathe akitushika ilikuwa ni kichapo. (Wangu hakuwa anatuchapa kwa huruma ya konokono. Ilikuwa ni bei ya chumvi.)

Na bado wafugaji wapo. Kuna wenye wanafuga wa biashara, kuna JKUAT kule Juja ambao wamekuwa na mradi wa konokono wa kutoa ute wa kutengeneza vipodozi, na kuna wale wa kimya kimya wenye wanapenda tu kurudi keja baada ya mboka, wazime taa, wacheki kiumbe kisichokuwa na haraka na mtu. Huyu ndiye mpangaji pekee wa jiji hili mwenye hadaiwi rent. Na usidhani ni mambo ya majuu tumeiga. Konokono mkubwa anayefugwa nyumbani na hata madarasani Uingereza ni wa huku kwetu Afrika Mashariki. Jina lake la kisayansi ni Lissachatina fulica, vitabu vya zamani vinamwita Achatina fulica. Akikomaa vizuri gamba linaweza kufika sentimita 20, ingawa wengi huishia chini ya hapo.

Swali lenye wasee wa konokono wanauliza kila mara ni hili moja: "Mbona wangu hawazai?" Wako wawili, wanakula, wanatembea, wamekaa pamoja mwaka mzima, na hakuna yai hata moja.

Jibu fupi ni kwamba konokono wako anangoja mvua. Jibu refu ndilo hili linafuata, na lina mambo mawili yenye yanaweza kukuweka taabani usipoyasikiza: sheria, na hesabu ya mayai.

Tuanze na sheria, ndio tusije tukalaumiana.

Kwa sheria ya Kenya, konokono ni mnyamapori. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haijali kwamba ulimwokota kwa ukuta wa ploti. Kumfuga na kumzalisha kunahitaji kibali cha KWS, na makao makuu yao yako hapo Lang'ata Road, mat za Rongai zinapita mlangoni. Kama unadhani serikali haiwezi kujisumbua na kitu kidogo hivyo, kumbuka Naivasha. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, wote wa miaka 19, walishikwa huko na sisimizi malkia kama 5,000 kwenye vichupa vya pamba. Sisimizi! Wakapelekwa korti ya JKIA, na Mei wakaambiwa walipe milioni moja kila mmoja ama wakae ndani miezi 12. Wao walikuwa wanataka kuwatoa nje ya nchi, kwa hivyo kesi si sawa na yako ya keja. Lakini ujumbe uliingia: mdudu mdogo si kisingizio. Tafuta kibali, na chukua konokono wako kwa mfugaji mwenye karatasi, sio kwa mtaro.

Hiyo ya mtaro ina sababu ingine. Konokono wa porini anaweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, mwenye akiingia mwilini mwa binadamu anaweza kumletea homa ya uti wa mgongo. Konokono anaupata kwa kula kinyesi cha panya, na Nairobi panya hatujakosa. Hata huyo wa kununua, ukimshika unaosha mikono na sabuni. Watoi wasimweke mdomoni, na kale ka-mchezo ka kumbusu kwa picha kakae.

Sasa turudi kwa mvua.

Huyu konokono asili yake ni pwani na nchi za joto. Huko, kiangazi kikikaza anajifungia: anarudi ndani ya gamba, anaziba mlango na utando mweupe mgumu kama karatasi, na anakaa hivyo wiki au miezi bila kula. Mvua ikinyesha anatoka, anakula kama hana akili, anatafuta mwenzake, anazaa. Kalenda yake yote ni hiyo. Joto na maji vikija pamoja, ni wakati. Kikikosa kimoja, hakuna kitu.

Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mvua tunayo, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba. Joto ndilo shida. Juni hadi Agosti usiku unashuka hadi digrii 11 ama 12 hivi, na ukienda upande wa magharibi, Uthiru, Kinoo, Kikuyu, unajua vile ukungu wa Julai unashika hadi saa tatu asubuhi. Konokono huyu anataka digrii 22 hadi 28. Chini ya hapo anapunguza kula, anapunguza kutembea, na mambo ya mapenzi anaweka kando kabisa. Hakuchukii. Anahisi tu kwamba watoto wake watakufa baridi, na kusema kweli hajakosea.

Nina binamu yangu Kinoo mwenye kibali, na wikendi huwa namsaidia kuosha makontena. Mwaka wa kwanza alikaa na konokono sita tangu Februari hadi Septemba bila yai hata moja. Julai wote sita walijifungia. Mwenye nyumba alipoona alimwambia wamekufa, atupe kabla hawajanuka. Bahati nzuri binamu ni mvivu, hakutupa. Septemba jua liliporudi aliwawekea maji ya vuguvugu kwenye sahani, na kufika usiku wanne kati yao walikuwa wanatembea kwa kifuniko. Wawili walikuwa wameenda kweli. (Ukitaka kujua kama amekufa, nusa. Aliyekufa ananuka vibaya sana, hutahitaji kuuliza mtu.)

Kwa hivyo kazi yako yote ni kudanganya konokono kwamba ni Aprili, na kwamba iko Mombasa.

Anza na joto kwa sababu ndilo gumu. Nunua thamomita ndogo, ile yenye inasoma na unyevu pia. Luthuli Avenue ukiuliza uliza hukosi. Usikisie kwa mkono, mkono wako unadanganywa na sweta. Halafu tafuta kona yenye joto ndani ya keja: juu ya kabati, si sakafuni, kwa sababu baridi ya simiti inapanda. Nyuma ya friji kuna joto la bure. Usiku wa Julai, chupa mbili za maji moto zilizofungwa na taulo kuukuu ukiziegemeza kando ya kontena, zinabeba masaa kadhaa, na kontena lenyewe ukilifunika na blanketi huku ukiacha hewa ipite, unavuka usiku.

Kama una doh ya mkeka wa umeme wa kupasha joto, uweke kando ya kontena. Kando, si chini. Hili tulijifunza vibaya. Konokono akisikia joto ama ukavu juu, anachimba chini kutafuta ubaridi. Ukiweka moto chini, anachimba kuelekea kwenye moto. Na mayai yako huko huko chini. Binamu alipata mayai yake ya kwanza kabisa kwa njia hiyo, na alipokuja kuyafukua yalikuwa yamekauka kama mchele wa jana. Hakubonga na mtu siku mbili.

Na tafadhali, usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa ndio konokono wapate joto. Ile hewa ya makaa haina harufu na kila msimu wa baridi tunasikia stori za familia zenye hazikuamka. Konokono akijifungia Julai ataamka Septemba. Wewe hapana.

Mvua sasa. Hii ni rahisi na inafurahisha. Kwa wiki moja hivi punguza kupulizia maji, udongo ubaki na unyevu kiasi lakini si tope. Usiwakaushe hadi wajifunge, unataka tu wasikie kwamba kiangazi kiko karibu. Halafu ghafla, jioni moja joto likiwa zaidi ya 22, leta masika: pulizia maji ya vuguvugu kuta zote, kifuniko, udongo, na konokono wenyewe. Rudia jioni na alfajiri, siku nne ama tano mfululizo, unyevu ukae kwa asilimia 80 ama 90. Wakiwa wamekomaa na wameshiba, utaanza kuona vituko.

Maji ya mfereji yenye yametiwa dawa yaache kwa beseni wazi usiku mzima kwanza. Maji ya mvua ni bora zaidi, na paa za mabati hatujakosa.

Udongo uwe na kina cha sentimita 10 kwenda juu, kwa sababu mayai hutagwa chini, si juu. Konokono akichimba na kugonga plastiki baada ya vidole viwili, anaghairi ama anataga ovyo juu ambapo yanakauka. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi ukiukausha unakuwa tofali, sahau. Chukua kokopiti, ile ya maganda ya nazi, kwenye vitalu vya maua vya kando ya Ngong Road, uchanganye na udongo mzuri wenye haujawahi kuwekwa mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu. Ukifinya kwa ngumi ushikane lakini usidondoshe maji. Taa usiweke. Hawa ni watu wa giza.

Kitu cha pili chenye huwa kinakosekana, na wasee wengi hawajui, ni chokaa. Yai la konokono huyu lina ganda gumu la kalisiamu, dogo kama punje ya ndengu, jeupe lenye kuelekea manjano. Sasa piga hesabu: mkupuo mmoja ni mayai 100 hadi 400, kama 200 hivi ni kawaida. Hayo maganda yote yanatoka wapi? Yanatoka kwa mwili wa mama, na mama akikosa chakula cha kalisiamu anakopa kutoka kwa gamba lake mwenyewe. Ndio unaona konokono amezaa mara mbili na gamba limekuwa jembamba, linapasuka ukilishika. Wengine wanatafuna hata gamba la mwenzao. Si ukatili, ni njaa.

Na kalisiamu Nairobi ni ya bure. Nenda kwa msee wa smokie na mayai boilo pale stage ya Kangemi saa mbili usiku, mwombe yale maganda yenye anatupa. Atakuangalia vibaya siku ya kwanza. Siku ya tatu anakuwekea kwa karatasi bila kuulizwa. Yaoshe, uyachemshe, uyakaushe, halafu uyasage na chupa hadi yawe unga, na uweke kwa kifuniko ndani ya kontena siku zote. Ukitaka kujipa shughuli, pitia City Market pale Muindi Mbingu Street, uulize wauza samaki kama wana mfupa wa dome, yule ndugu ya ngisi. Ni ule mfupa mweupe mwepesi wenye wafugaji wa kasuku huning'iniza kwa kizimba, na konokono wanaulamba usiku kucha hadi unasikia sauti, krrr krrr, kama mtu anapiga msasa nyumba ya pili. Agroveti nao wana chokaa ya kuku, inafanya kazi hiyo hiyo.

Chakula kingine ni cha mama mboga: sukuma, tango, malenge, viazi vitamu, papai, ganda la tikiti. Osha sukuma vizuri, unajua vile nyingine zinapigwa dawa, na dawa ya kuua mdudu haiulizi konokono kama ni mdudu. Spinachi usiizidishe, ina kitu chenye kinashika kalisiamu isiingie mwilini. Chumvi hapana, kwa hivyo chapo, chipo na masalio ya githeri vyote hapana. Machungwa na ndimu pia waache.

Hapo sasa unaweza kuuliza, na dume ni yupi? Hakuna. Kila konokono wa aina hii ni dume na jike kwa mwili mmoja. Lakini hiyo haimaanishi anajizalisha peke yake, hiyo ni nadra sana. Anahitaji mwenzake. Raha yake ni kwamba konokono wowote wawili ni wapenzi wanaowezekana, huhitaji kubahatisha.

Ila kuna mtego hapa, na ndio unachanganya wengi wenye wanasema "nimewaona kabisa wakifanya, na hakuna mayai." Konokono mchanga anaanza na upande wa kiume. Mbegu zinakuwa tayari mapema, akiwa na miezi mitano ama sita hivi. Upande wa mayai unakuja baadaye, gamba likiwa limekua zaidi. Kwa hivyo vijana wawili wanaweza kukutana kila usiku na pasitoke kitu. Hakuna mwenye ana kasoro, bado ni watoi. Na wakipishana ukubwa, mara nyingi yule mkubwa ndiye hutoka na mayai. Wangoje wakaribie mwaka. Mwenye anakimbiza konokono wa miezi sita azae anamfupishia maisha, na huyu ni mnyama wa kuishi miaka mitano, sita, hata zaidi akitunzwa.

Siku ikifika utajua. Wanaanza kuzungukana, wanainua vichwa na kuyumba, wanatafunana kidogo. Upande wa kulia wa shingo unaona uvimbe mweupe. Usishtuke ukadhani ni ugonjwa, ndio mitambo yenyewe. Halafu mmoja anapanda juu ya gamba la mwenzake na wanatulia. Wanaweza kumaliza masaa sita, nane, usiku wote. Usiwatenganishe, usiwawashie tochi ya simu kila dakika, usiite marafiki. Utawaumiza.

Baada ya hapo hesabu wiki moja hadi tatu. Ama usihesabu, kwa sababu konokono ana akiba: anaweza kuweka mbegu za mwenzake ndani ya mwili miezi mingi na kuzitumia akitaka. Ndio unasikia msee amenunua konokono mmoja, anakaa naye peke yake nusu mwaka, halafu asubuhi moja anapata mayai 150 na anaanza kuita pasta. Si muujiza. Alikuja na mzigo.

Mayai ukiyapata, kwa kawaida yamerundikwa pembeni chini kabisa, unayaona kupitia plastiki. Yatoe na kijiko bila kuyageuza geuza, uyaweke kwa kopo la aiskrimu lenye udongo wenye unyevu, uyafunike kama sentimita mbili tatu, uweke mahali pa joto ule ule. Wiki mbili hivi kwa joto nzuri, zaidi kukiwa baridi. Watoto wakitoka hawaji juu mara moja. Wanakula maganda yao kwanza, na wakati mwingine hata yale mayai yenye yamechelewa, halafu baada ya siku kadhaa unaamka unakuta ukuta umejaa nukta nukta zinazotembea. Wape tango jembamba na ule unga wa maganda. Maji yawe kwa kifuniko cha soda, sahani ni bahari kwao.

Lakini kabla hujafika hapo, kuna ile hesabu nilikuambia.

Mayai 200. Mara tano kwa mwaka, ukiwa na joto na kalisiamu. Hiyo ni 1,000 kutoka kwa konokono mmoja, na kumbuka wote wawili wanataga, hakuna baba wa kukaa kando. Keja yako ni bedsita. Marafiki wako watachukua wawili, watatu, wengine watakublock. Wale wengine 990 wanaenda wapi?

Wengi wanajibu: si niwaachilie tu, ni wa huku huku? Hapana, na stori ya kukuonyesha iko Marekani. 1966 mtoi mmoja wa Miami alirudi nyumbani kutoka Hawaii na konokono watatu wa aina hii hii yetu. Nyanyake akawatupa kwa bustani. Miaka saba baadaye walikuwa wamepatikana zaidi ya 18,000. Kuwamaliza kuliichukua serikali ya Florida hadi 1975 na zaidi ya dola milioni moja. Halafu 2011 wakaonekana tena Miami, ikawa miaka kumi mingine ya kuokota, konokono zaidi ya laki moja na nusu. Marekani leo kumfuga tu ni haramu. Huyu mnyama anakula zaidi ya aina 500 za mimea. Sasa chukua mia mbili zako zenye umelisha vizuri, uziachilie kando ya mto pale Kangemi ama Kawangware, mahali mtu ana vitanda vinne vya sukuma na hizo ndizo fees za mtoto wake. Usiku mmoja wa mvua, asubuhi anakuta miti mitupu. Hatajua ni wewe. Na hata wewe hutajua ni nani.

Kwa hivyo uamuzi unafanywa siku mayai yanapotagwa, sio siku watoto wamejaa ukuta. Wafugaji wazoefu wanachagua mayai kumi ama ishirini, wanayaacha. Mengine yote yanaingia friza siku hiyo hiyo, kabla kitu chochote hakijaanza kukua ndani. Yanakaa siku mbili, halafu yanapondwa na kurudishwa kwa kontena, na mama anayala, kalisiamu yake inarudi kwake. Kama huna friza, yaponde mara moja yakiwa mabichi. Ukichelewa wiki moja ndani tayari kuna konokono mdogo mwenye gamba, na hapo kazi inakuwa nzito kwa roho. Nimeshika hilo kopo, najua.

Na kama friza hutaki na kuponda hutaki, basi usiwaletee Aprili. Wakae kwa digrii zao 20, wale, watembee, wakupe kampani. Hakuna sheria inasema lazima wazae ndio wawe na furaha.

Binamu alifanya Aprili yake ya uongo mwezi uliopita, chupa za maji moto na kila kitu. Yai la kwanza liliwekwa Jumanne usiku, na kufika asubuhi tulihesabu 214. Aliacha kumi na tano kwa kopo la aiskrimu juu ya friji. Zile zingine ziko ndani ya friji hiyo hiyo, kwa karatasi ya nailoni iliyoandikwa na kalamu nyeusi SI NDENGU, kwa sababu mkewe bado hajatusamehe ile ya mara ya kwanza.